Je, udaktari unalipa? Hesabu ya miaka, ada na mshahara kabla hujauza ng'ombe

Wiki chache zilizopita mama mmoja kutoka Itilima alitupigia simu kipindi kikiwa hewani. Alisalimia, akauliza tukoje, kisha akaingia kwenye jambo lake. Kijana wake amemaliza Kidato cha Sita, amechaguliwa kusomea udaktari katika chuo kikuu binafsi, na ada ni zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Baba anataka kuuza ng'ombe, pamoja na maksai wa kulimia. Baba mdogo anapinga. Anasema huyo kijana apelekwe chuo cha miaka mitatu awe tabibu, aanze kazi mapema. Mama akatuuliza: "Sasa ninyi watu wa redio, huo udaktari unalipa kweli, au tunauza ng'ombe wetu tupate jina tu?"

Hatukuweza kumjibu kwa dakika mbili. Na baada yake simu na ujumbe viliendelea kuingia, kutoka Maswa, Meatu, Busega na hapa hapa Bariadi. Kwa hiyo tumekaa chini, tukapiga hesabu, na tumeiandika hapa ili kila mzazi aisome taratibu na aipitie tena na mwanawe.

Kwanza, daktari ni nani?

Kijijini kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Yule anayekupokea zahanati mara nyingi ni tabibu au muuguzi. Wote ni wataalamu, wamesoma, na wanaokoa maisha, lakini njia zao za shule ni tofauti na ya daktari.

Tabibu husoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu baada ya Kidato cha Nne. Anatakiwa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia.

Daktari ni mwenye shahada ya udaktari wa tiba, ile inayoitwa MD. Ndiye anayefanya upasuaji wa kumtoa mtoto mama anaposhindwa kujifungua, na ndiye anayepokea wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka zahanati na vituo vya afya. Daktari bingwa ni huyo huyo aliyerudi tena chuoni kusomea eneo moja, kama watoto, mifupa, macho au akina mama.

Hesabu ya miaka

Tuanzie Kidato cha Nne. Kijana akifaulu sayansi anakwenda Kidato cha Tano na cha Sita kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia, tahasusi ya PCB. Hiyo ni miaka 2. Chuo kikuu ni miaka 5. Akimaliza hapo bado hajaruhusiwa kutibu peke yake. Anakwenda mwaka 1 wa utarajali hospitalini, akifanya kazi chini ya madaktari wenye uzoefu. Baada ya hapo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linamsajili kamili.

Jumla ni miaka 8, na ukiweka miezi ya kungoja matokeo, kungoja chuo, kungoja kupangiwa hospitali ya utarajali, ni rahisi kufika 9. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne akiwa na miaka 17 atakuwa na 26 au 27 anapoanza kutafuta ajira. Akitaka ubingwa anaongeza miaka 3 au zaidi.

Wakati huo mwenzake aliyekwenda utabibu ana miaka 20 au 21 anapomaliza chuo. Akipata kazi mapema, atakuwa amepokea mshahara kwa miaka mitano au sita kabla daktari hajapokea wa kwanza. Mzazi asilisahau hilo. Gharama ya udaktari ni ada, na pia ni miaka ambayo kijana hachangii chochote nyumbani huku wadogo zake nao wanataka sare na madaftari.

Hesabu ya ada

Hapa kuna unafuu ambao wazee wetu hawakuupata. Elimu ya sekondari ya serikali haina ada kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, na tangu mwaka 2022 ada imeondolewa pia Kidato cha Tano na cha Sita. Michango, nauli na vifaa bado vipo, lakini ada yenyewe imeondoka.

Chuo kikuu ndipo penye kazi. Vyuo vya umma, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, ada ya udaktari ni chini ya milioni 2 kwa mwaka. Vyuo binafsi na vya mashirika ya dini hutoza milioni 5 na zaidi. Kwa watu wa kanda yetu chuo cha jirani ni kile kilichopo Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003 ndani ya hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Tuchukue milioni 5 kwa mwaka. Miaka 5 ni milioni 25, bila chakula, bila chumba, bila nauli.

Milioni 25 ni pamba kiasi gani? Tuchukue bei ya shilingi 1,150 kwa kilo. Ni kilo 21,739, yaani karibu kilo 4,350 kila mwaka kwa miaka mitano. Ekari ikikupa kilo 300, unahitaji ekari 14 na nusu kila msimu, na pamba yote hiyo iende chuoni. Hapo hujatoa pesa ya dawa, ya palizi wala ya vibarua. Na kama ni ng'ombe, tuchukue ng'ombe wa laki 7: ni ng'ombe 36.

Ndiyo maana tunasema hadharani kwamba familia ya kawaida ya mkulima wa Simiyu haiwezi kumsomesha daktari chuo binafsi kwa pamba na ng'ombe peke yake. Wapo wanaoweza, wenye mifugo mingi au biashara. Wengi wanaoanza hivyo hukwama mwaka wa pili au wa tatu. Tunamfahamu kijana mmoja aliyerudi nyumbani akiwa mwaka wa tatu kwa kukosa ada. Zizi limebaki tupu, na cheti hana. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote kwenye safari hii, baya kuliko kutokwenda kabisa.

Mkopo na ufadhili

Njia ya wengi ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Bodi hutoa pesa ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, na huchangia ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo kulingana na uhitaji wa mwombaji. Lakini mkopo wa ada una kikomo. Chuo kikitoza zaidi ya kikomo hicho, tofauti ni ya mzazi. Kwa hiyo "nimepata mkopo" haina maana ya "nimesomeshwa bure". Muulize kijana: umepata kiasi gani kwenye ada, na kinachobaki ni kiasi gani?

Njia nyingine ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofaulu zaidi masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Huu ni ufadhili, haurudishwi. Mwanafunzi wa sekondari ya kata akisoma vizuri PCB anaweza kuufikia, na thamani yake kwa familia inazidi zizi la ng'ombe.

Hesabu ya mshahara

Tufike kwenye swali lenyewe. Mishahara ya watumishi wa afya serikalini hupangwa kwa ngazi zinazoitwa TGHS. Daktari anayeanza huingia ngazi ya E, na viwango vya miaka ya karibuni viko jirani na milioni moja na nusu kwa mwezi. Ukilinganisha na kima cha chini cha utumishi wa umma, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, daktari anapokea mara tatu.

Lakini mshahara wa kwenye karatasi na wa mkononi ni vitu viwili. Tuchukue milioni 1 na laki 5 kamili, daktari aliyesoma kwa mkopo:

Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5: shilingi 75,000.
Bima ya afya, asilimia 3: shilingi 45,000.
Kodi ya mapato, baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii: shilingi 255,500.
Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara: shilingi 225,000.

Makato yote ni shilingi 600,500. Kinachoingia mkononi ni shilingi 899,500.

Soma tena hapo. Daktari wa milioni moja na nusu anarudi nyumbani na laki 9 pungufu kidogo. Hapo atalipa pango, atakula, atamtumia mama, atamsaidia mdogo wake, na kila mwenye shida ukooni atampigia simu kwa sababu "wewe ni daktari". Wengi wanaoonekana wamesahau nyumbani hawajasahau. Hawana.

Na deni la Bodi linaisha lini? Kama alikopa milioni 20, kwa makato ya 225,000 kila mwezi atamaliza baada ya takriban miezi 89, yaani miaka 7 na miezi 5. Kama alianza kazi na miaka 27, atakuwa na 34. Kilichopungua ni maumivu ya nyongeza: mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na pia faini ya asilimia 10 ya kuchelewa.

Sasa upande wa aliyesomeshwa kwa ng'ombe. Hana makato ya Bodi, mkononi anabaki na takriban milioni 1 na laki 1. Akiamua kurudisha zizi la baba kwa kuweka laki 3 kila mwezi, milioni 25 itarudi baada ya takriban miaka 7. Kumbe njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Kwa mshahara wa serikali, elimu ya daktari inajilipa akiwa na miaka kama 34. Baada ya hapo ndipo faida inaanza, naye bado ana zaidi ya miaka ishirini ya utumishi, mshahara unapanda kwa ngazi, na akisomea ubingwa unapanda zaidi. Zipo pia posho za zamu na za kuitwa kazini usiku, ingawa mzazi asizipigie hesabu ya kujengea nyumba.

Je, ajira ipo?

Hili ndilo linalowashangaza wengi. Wagonjwa ni wengi, foleni ni ndefu, na bado kuna madaktari wamekaa nyumbani. Upungufu wa madaktari hospitalini ni jambo moja, na pesa ya serikali ya kuwaajiri ni jambo lingine.

Mwaka 2017 tuliliona waziwazi. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, na serikali yao ikaiomba Tanzania madaktari 500. Rais John Magufuli akakubali. Waombaji wakajitokeza, kumbe madaktari wasio na ajira serikalini walikuwepo. Mahakama ya Kenya ikazuia mpango huo. Aprili 2017 serikali yetu ikaamua kuwaajiri hapa nchini wale 258 waliokuwa wamekidhi vigezo vya kwenda Kenya.

Jambo la mshahara nalo lina historia. Mwaka 2012 madaktari wetu waligoma, wakidai mshahara wa kuanzia uwe milioni 3 na laki 5, wakati uliokuwepo haukufika milioni moja. Walidai pia vifaa na mazingira bora ya kutibia. Ukiona zaidi ya miaka kumi baadaye daktari anaanza na milioni moja na nusu, utajua kwamba mshahara huu hauruki. Unapanda polepole.

Kwa hiyo mzazi ajiandae. Baada ya utarajali kijana anaweza kukaa mwaka au zaidi akisubiri kibali cha ajira. Wengine hujitolea hospitalini kwa posho ndogo, wengine hupata mikataba hospitali binafsi, ambako malipo wakati mwingine ni pungufu ya serikali. Lakini tuseme na hili: ukilinganisha na shahada nyingi nyingine, milango ya mwenye MD ni mingi. Serikali, majeshi, mashirika ya dini, hospitali binafsi, miradi ya afya na vyuo vinavyofundisha, kote huko anahitajika.

Njia ya ngazi

Baba mdogo wa yule kijana wa Itilima hakukosea kabisa. Utabibu una heshima yake na una njia ya kupandia. Mwenye stashahada ya utabibu akifaulu vizuri, akiwa na wastani wa B au alama za jumla 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yanayotakiwa Kidato cha Nne, anaweza kuomba kusomea MD. Wapo madaktari waliopita huko. Walianza kazi na miaka 21, wakaweka akiba, wakarudi chuoni wakiwa wanaujua wodi kabla ya kuufungua kitabu.

Njia hii ina gharama zake. Mshahara wa tabibu unaanza chini sana ya ule wa daktari. Vyuo vingi binafsi vya utabibu hutoza zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mikopo ya stashahada ipo kwa baadhi ya kozi tu, kwa hiyo ulizeni kwanza kama kozi yenu imo kwenye mwongozo wa mwaka huo. Na hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET. Chuo kisichosajiliwa ni sawa na kumwaga maziwa mchangani.

Njia hii tungeishauri zaidi kwa kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, ambaye familia yake haiwezi kungoja miaka tisa. Kwa aliyekwisha kufaulu PCB Kidato cha Sita, kurudi kuanzia stashahada kuwe ni baada ya kujaribu mlango wa mkopo na wa vyuo vya umma, siyo kabla.

Kwa nini Simiyu tunalijali hili

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na ndiyo iliyokua hadi kuwa Muhimbili ya leo. Mkoa wetu ni mdogo kiumri, ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 2 na laki 1. Tuna hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi, na majengo mapya ya afya yameongezeka wilayani. Lakini jengo halimshoni mtu. Bado kuna mama anayepakiwa kwenye gari usiku kupelekwa Mwanza kwa sababu bingwa wa tatizo lake hayupo karibu. Madaktari bingwa wanapokuja kwa kambi za siku chache, foleni tunaiona wenyewe.

Kijana aliyezaliwa Nkololo au Mwanhuzi anajua Kisukuma cha bibi anayeeleza maumivu yake, na anajua barabara ipi hukatika masika. Akisoma akarudi, tumepata kitu ambacho mshahara hauwezi kukionyesha. Lakini hatutamdanganya: mahitaji ya mkoa hayalipi pango lake. Ndiyo maana tumeanza na hesabu.

Tulichomjibu mama

Tulimpigia mama wa Itilima baadaye, tukamwambia hivi.

Udaktari unalipa, lakini unalipa kwa kuchelewa, na haumfanyi mtu tajiri. Unampa mshahara wa uhakika kuliko kazi nyingi, heshima, na pensheni. Anayetaka utajiri wa haraka atafute kwingine.

Pili, maksai wa kulimia wasiuzwe. Hao ndio watakaolipa mwaka wa tatu na wa nne. Akiuza vyote mwaka wa kwanza, mwanawe atarudi nyumbani bila cheti.

Tatu, kabla ya ng'ombe yeyote kutoka zizini, kijana aombe mkopo, na aombe pia vyuo vya umma dirisha la pili la udahili litakapofunguliwa. Sifa ya chini ya kuingia MD ni alama D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini ushindani vyuo vya umma ni mkali, na wanaochukuliwa huwa na alama za juu zaidi. Kama alama zake ni nzuri, ana nafasi.

Nne, familia iandike kwenye karatasi: ada ya miaka mitano, mkopo umeshika kiasi gani, kinachobaki kitatoka wapi kila mwaka. Kama mwaka wa tatu hauna jibu, msianze mwaka wa kwanza. Bora kungoja msimu mmoja.

Na tano, muulizeni kijana mwenyewe. Apelekwe hospitali siku moja, aone damu, aone mtu anakufa, aone daktari aliyekesha. Akirudi bado anautaka, huyo ana moyo wa miaka tisa.

Mama alituambia ng'ombe bado wapo zizini, na kijana anakamilisha maombi ya mkopo. Kilichomchelewesha ni cheti cha kuzaliwa, ambacho lazima kihakikiwe na RITA. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto Kidato cha Tano au cha Sita, usingoje matokeo. Cheti cha kuzaliwa cha mwanao, na cha kifo kama mzazi mmoja alishatangulia, vishughulikie mwaka huu. Fomu za mkopo zijazwe na kijana mwenyewe kwenye mfumo wa Bodi, na asimpe mtu wa mtaani namba yake ya siri.

Kama una swali la hesabu kama hizi, iwe uuguzi, famasia au maabara, tutumie ujumbe mfupi kwa namba unayoisikia kwenye kipindi. Tutakaa chini tena, tupige hesabu pamoja.